Sanduku Kando ya Mlango wa Bosi

Sanduku la malalamiko nililipigilia misumari mimi mwenyewe, kando kabisa ya mlango wa bosi. Sheria inakataza wanawake kusumbuliwa kazini, makao makuu wakasema, kwa hiyo sanduku liwekwe mahali panapoonekana na watu wote. Kwa akili yangu ya kidato cha nne, nikaona pale hapakosi macho. Kweli hapakukosa. Mwenye lake moyoni ilibidi alisogelee huku ofisi nzima inamtazama, na ufunguo anao bosi.

Ilikuwa miaka ile boti zinashusha wakimbizi ufukweni mwa ziwa, na shirika letu pale Mwanga linapeleka maharage kambini. Kazi ya kupokea malalamiko niliikubali kwa sababu mpokeaji habanduki ofisini. Wenzangu wakale vumbi la barabara ya Kasulu. Mimi mtu wa nyumbani, hata Ujiji kwangu ni safari.

Sanduku likakaa tupu. Bosi akawaandikia wakubwa kwamba kwake ni shwari, nami nikatembea kifua mbele.

Jumamosi moja mpika chai wetu, mama mkimbizi wa Kirundi aliyepewa kibali cha kutoka kambini kwa ajili ya kazi hiyo, akanifuata nyumbani Katubuka. Nilikuwa nachambua mchele. Akachuchumaa, akaanza kunisaidia.

"Nikipeleka chai anafunga mlango," akasema bila kuniangalia.

"Nani?"

"Mwenye ufunguo."

Nikamwambia aandike. Akacheka kidogo. "Nikiandika, dada, atasoma nani?"

Akigoma kupeleka chai, kazi imekwisha na kibali kimekwisha. Yeye na wanawe warudi kambini. Nami kumshtaki bosi kulitaka nipitie kwa bosi: barua zote za kwenda nje alizitia saini yeye.

Jumatatu nikabeba sinia mwenyewe. Jumanne tena. Bosi akaniuliza kama nimeshushwa cheo.

"Nanyoosha miguu tu, mzee," nikamjibu, mimi ambaye miguu huinyooshea kitandani.

Ikawa ndiyo maisha. Ikikaribia saa nne, saa ya chai, niko jikoni nangojea sinia. Siwezi kuchelewa, siwezi kuomba ruhusa hata ya msiba.

Nikamsimulia jirani yangu, mama muuza dagaa, nikitegemea angalau pole. Aliendelea kupepeta dagaa kwenye ungo wake, mchanga utoke, mpaka nikamaliza.

"Sasa siku malaria ikikulaza," akasema, "chai atapeleka nani?"