Nyumba Isiyokuwa na Mwanamume

Bi Ghaniya aliachwa na mumewe kwa kuwa hakuzaa. Eda ilipokwisha akawaambia ndugu zake kwamba haolewi tena, na wasimletee posa ya mtu. Alizaliwa Unguja, akaletwa Ibra, Omani, keshakuwa mwanamwali. Mama yake alipofariki, yeye na kaka yake Soud wakarithi nyumba ya udongo karibu na mashamba ya mitende. Soud alikuwa na kazi Nizwa na nyumba yake Firq, akamwachia dada yake akae.

Mwaka 1993 akamkaribisha Badriya, mjane wa Sur aliyechoka kuwa mgeni kwa mkaza mwanawe. Baadaye akaja Kaltham, msichana wa milima ya Dima wa Tayyin. Shangazi yake alimleta asome Qurani, naye akaomba asirudishwe, maana kaka zake walishamchagulia mume asiyemtaka.

Wakaishi watatu. Alfajiri waliswali jamaa, Bi Ghaniya akisimama katikati ya safu kama inavyompasa mwanamke anayeswalisha. Asubuhi walisomesha wasichana wa mtaani, mchana wakashona kofia, na Jumatano wakazipeleka soko la wanawake. Mwanamke akifa, wao ndio walioitwa kumwosha. Hawakumwomba mtu riziki wala ruhusa.

Watu hawakulistahimili hilo. Wakawaita masista. Wazee waliotoka Unguja walicheka sana, wakikumbuka masista wa kanisa la Minara Miwili wakipita wawili wawili na nguo zao nyeupe. Bi Ghaniya hakucheka. Utotoni aliwatazama wanawake wale. Dini yao hakuitaka, lakini aliona siku yao ni yao, akatamani.

Soud akaja kutoka Firq.

"Ghaniya, Uislamu hauna utawa. Wanawake watatu, nyumba haina mwanamume! Naulizwa kila ninapokwenda."

"Utawa gani, kaka? Mtawa hukimbia watu. Mie naosha maiti wao na kuwasomeshea watoto wao."

"Wallahi najua. Lakini watu wanasema."

"Na Mungu anasema nini?"

Soud akamaliza kahawa yake, akaondoka bila kuaga vizuri.

Haukupita muda, Ghaith, mtoto wa Badriya, akaja na gari kutoka Sur.

"Nilipokuwa kwako hukunitaka, mwanangu," mama yake alimwambia.

"Sasa nakutaka. Nimechekwa vya kutosha."

Badriya alikunja msala wake huku analia. Kwanza alikuwa akipiga simu kwa jirani kila Ijumaa, halafu zikawa haba, halafu hazikuja tena.

Kaka zake Kaltham walifika mwaka 1999. Bi Ghaniya alisimama mlangoni, akawazuia kwa mikono miwili.

"Muulizeni mwenyewe!"

Kaltham alikuwa nyuma yake. "Niache niende, mwalimu. Hawa watakuvunjia heshima kwa ajili yangu, na mie sitaweza kuibeba dhambi hiyo." Akampita chini ya mkono, akaingia garini.

Aliozwa. Alikufa kwenye uzazi wa kwanza, na mtoto tumboni. Bi Ghaniya alizipata habari sokoni, kwa mwanamke wa kule milimani aliyedhani Bi Ghaniya anajua, na Kaltham keshazikwa zamani.

"Nani alimwosha?"

"Sijui, Bi. Wanawake wa pale pale."

Akakaa chini katikati ya kofia zake. Wateja walimwita, hakusikia. Alikuwa amewaosha wanawake wa Ibra wasiohesabika, wengine hata majina hakuyajua. Huyu mmoja aliyekuwa kama mwanawe hakumpata.

Tangu hapo kisomo kikalegea. Alianza aya akaisahau katikati, akawatazama wasichana mpaka wakaogopa. Mama zao wakawahamisha mmoja mmoja. Mvua ikaangusha ukuta wa nyuma, na Soud akamchukua kwake Firq. Safari hii hakubisha.

Kule hakuna aliyemtesa. Shukriya, mke wa Soud, alimpa chumba kizuri na kumpikia apendavyo. Ramadhani Shukriya akamwomba awaswalishe wanawake tarawehe.

"Sauti imekwisha, wifi yangu," akasema. Sauti haikuwa imekwisha. Aliswali peke yake, mlango umefungwa, nyundo za karakana ya jirani zikigonga nje kutwa.

Mwaka 2006 Ibtihal, binti mdogo wa Soud, alimkuta ametoka kutoa salamu ya swala, amekaa tu juu ya msala.

"Shikamoo, shangazi. Ukishaswali unaomba nini?"

"Marahaba. Zamani nikiomba sana. Nilimwomba Mungu aniachie wanawake wangu wawili."

"Na sasa?"

"Sasa sina la kuomba. Nasimama kwa sababu wakati umeingia."

Kiswahili cha Ibtihal kilikuwa cha kuokota. Alidhani hakufahamu vizuri, akamuuliza tena kwa Kiarabu. Bi Ghaniya akamjibu kwa Kiarabu maneno yale yale.