Nauli ya Bi Mwanne

Bi Mwanne wa Ujiji hakupenda deni hata la chumvi. Tangu marehemu mumewe alipomwachia binti mmoja na cherehani moja, alilipa kila kitu kabla hajakitumia. Kwa hiyo asubuhi ile ufukweni Bangwe, kabla hajainua mguu kupanda boti, alimnyooshea nauli Erasto, mwenye boti.

"Nauli ukishuka, mama," Erasto alisema.

"Pokea, mwanangu, nikae nimetulia."

"Safari haijaisha, hela yake siigusi. Ni nuksi. Panda tu."

Alipanda amenuna, akakaa juu ya gunia la unga. Utulivu wenyewe angeutoa wapi? Hasna, bintiye, ameolewa kijiji cha kusini, chini ya milima, ambako gari halijawahi kufika. Uzazi wa kwanza Mwanne alichelewa siku moja tu, akamkuta binti kitandani, mtoto keshazikwa. Safari hii aliapa kuwapo. Na alfajiri mkwewe alikuwa amepiga simu: uchungu umeanza.

Saa saba mchana upepo uligeuka. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Vijana wa boti wakapiga kasia mpaka kambi ya wavuvi, na Erasto akatangaza kwamba ziwa likiwa hivi hakuna kuendelea mpaka kesho. Bi Mwanne akaangua kilio, mtu mzima mbele za watu, wala hakuona haya. Erasto alipomuuliza, akamweleza yote.

Erasto aliondoka mbio kupanda mteremko, akarudi na Adolf, mwenye pikipiki pekee ya kambini, nayo ililetwa kwa boti.

"Mwidiwe, mama," Adolf alimwamkia Kiha. "Njia ipo, ya miguu, lakini ninaipita. Ila petroli hapa tunanunua kwa chupa. Unilipe kwanza."

Mwanne akafungua pindo la kanga. Ndani yake mlikuwa na ile nauli tu, basi. Akamgeukia Erasto.

"Na wewe je?"

"Mimi sijakufikisha. Mpe."

Hajawahi kupanda pikipiki maishani. Alimkumbatia Adolf kiunoni, akafumba macho, akasoma dua zote anazozijua na nyingine akazirudia. Jua lilikuwa linazama alipoingia zahanati ya kijijini kwa Hasna na vumbi lake mpaka kwenye kope.

Baada ya arobaini alirudi na boti ya Erasto, Hasna ubavuni, kichanga kifuani. Waliposhuka Bangwe, Mwanne akalipa nauli ya wawili na kuongeza ya mtu mmoja. Erasto akahesabu, akairudisha ile ya ziada.

"Siku ile sikukufikisha, mama."

"Sikiliza, Erasto. Mtoto huyu alikuja na kitovu kimemzonga shingoni. Nesi alikuwa peke yake. Mimi ndiye niliyemshika Hasna asijirushe, yeye akapata mikono miwili ya kumfungua mtoto. Ungepokea hela yangu hapa Bangwe, Adolf ningempa nini? Deni hili sina cha kulilipa nikalimaliza. Asante, baba. Asante sana."

Erasto akamfunua mtoto uso, akamtazama akipiga miayo. Kisha akaichukua ile noti ya ziada mkononi mwa Mwanne, akaichomeka taratibu ndani ya kanga ya mtoto.

"Sasa tumefika," akasema.