Niliweka Memori Mbovu, Nikamzika Baba Mutheu Mara ya Pili

Mimi ni mjinga. Nianze hapo ndio msinisumbue na maswali. Na si ule ujinga wa kawaida wa kupoteza funguo. Ujinga yangu ukiwekwa kwa mizani ya ng'ombe hapo Dagoretti, mizani inalia!

Natengeneza kompyuta tao, katikati ya Nairobi, kwa exhibition, yale majumba ya vibanda vya kukodisha, kakibanda ka glasi kadogo hadi nikitaka kupiga chafya lazima jirani atoke nje kwanza. Shule niliachana nayo mapema. Ufundi nilijifunza kwa kuangalia, mdomo nilizaliwa nao. Hii kazi, mdomo ni nusu ya ufundi. Uongo! Ni robo tatu.

Sasa kuna Mama Mutheu, Mkamba, mjane, anauza matumbo karibu na machinjio ya Dagoretti. Bwanake alikufa Mutheu akiwa bado anatambaa. Huyo mzee alikuwa anatunga nyimbo za kanisa na kuziimba, akaacha nyimbo tisa kwa kaseti. Kaseti zikaanza kuota ukungu, mama akapeleka nyimbo zikawekwa kwa kompyuta, kaseti zikatupwa. Kwa hivyo sauti ya huyo mtu, dunia hii yote, ilikuwa imebaki mahali moja tu. Ndani ya hiyo kompyuta.

Mutheu siku hizi ako Form Three. Babake hamkumbuki, anajua sauti tu. Mpango ilikuwa hivi: siku ya ukumbusho kanisani, baba anaimba kutoka kwa spika, msichana anamjibu akiwa amesimama hapo. Baba mstari moja, mtoto mstari moja. Walikuwa wamefanya mazoezi hadi majirani wakajua wimbo.

Shida ni kompyuta ilikuwa inajivuta kama mtu ametumwa dukani na hataki. Mama akaniita.

"Fundi, hii inahitaji nini?"

"Memori, mama. Hii yako ni ndogo, inasahau hata jina lako. Nakuletea mpya, bado inanuka ndege iliyoileta."

Mpya! Wueh! Hiyo memori, kijibao chembamba tu, niliing'oa kwa kompyuta ya ofisi fulani ilikuwa imekufa, nikaisugua meno na raba ya penseli hadi ikang'aa kama harusi. Nikaichomeka kando ya ile yake ya zamani. Kompyuta ikaamka, ikakimbia kama mchuuzi ameona askari wa kanjo. Mama akapiga vigelegele, akanipakulia matumbo hadi sahani ikaomba msaada. Nikakula bila aibu.

Siku ya pili simu ikalia. Ati wimbo ikifika katikati, skrini inageuka blue, kuna kauso hapo kamenuna, halafu inazima.

Nikaenda. Kompyuta inakaa kwa chumba nyuma ya kibanda chake cha chakula. Na mjue kitu moja kuhusu sisi mafundi wa tao: haturudi kwa kazi yetu tukisema "pole, ni mimi." Hata siku moja! Tunaingia tumekunja uso, tunauliza, "Nani alikuwa ameshika hii mashine?" Hiyo ndio sala yetu ya kufungua.

Nikasema ni kebo ya stima. Nikaenda mpaka maduka ya Adams kutafuta ingine. Blue! Nikasema ni vumbi, nikapuliza ndani hadi kizunguzungu ikanishika na mende mmoja akatoka ameshika kichwa. Blue! Nikasema basi ni Mutheu, ameingiza virusi na simu yake. Msichana akaanza kulia, akiapa hajawahi kuchomeka simu hapo. Mimi natingisha tu kichwa kama daktari wa Lavington.

Mama akapanguza mikono, akaja akasimama nyuma yangu.

"Lakini fundi, hii kitu haikuwa inazima kabla uweke hiyo memori."

"Hiyo haihusiani, mama."

"Mimi nikiongeza kitu kwa sufuria na supu iharibike, siwezi laumu moto. Si utoe hiyo mpya tuone?"

Nilicheka, jamani. Nilicheka hadi nikashika ukuta. "Mama, hii ni kompyuta, si matumbo. Wewe chemsha, mimi nitengeneze."

Hapo mlangoni kulikuwa na Baba Nekesa, mzee wa magharibi, anaimba besi kwa kwaya yao, soja wa geti ya tajiri huko Lavington. Alikuwa anangoja chakula. Akasema pole pole, "Fundi, si hiyo ni kazi ya dakika mbili? Toa moja, washa. Ikikataa rudisha, utoe ile ingine."

"Wewe Baba Nekesa, endelea kufungua geti."

Hivyo ndivyo nilimjibu. Mtu wa rika ya babangu!

Na niwaambie ukweli ndio mnichukie vizuri: nilikuwa najua. Moyoni nilijua ni ile memori. Lakini nikiitoa mbele yao wataona imechakaa, tena ina stika ya ile ofisi! Basi nikakimbilia dawa yetu mafundi wa tao, ile tunapea kila ugonjwa. Kupiga window. Yaani unafuta kila kitu kwa mashine, unaweka upya.

"Nyimbo hazitapotea?" mama akauliza.

"Ziko sawa, mama. Niamini."

Sikuangalia. Sikuuliza kama kuna mtu amebaki nazo kwa simu. Nilibonyeza tu.

Mara ya kwanza ikazima katikati. Hata ng'ombe anangoja kuchinjwa angeelewa hapo! Mashine haina kitu ndani na bado inazima, ni virusi gani hiyo inaishi kwa nyumba imebomolewa? Nikarudia. Ikazima. Nikarudia. Ya nne ikapita, nikajipigia makofi, mimi mwenyewe, peke yangu.

"Weka ule wimbo," mama akasema.

Hakukuwa na wimbo. Nikafungua huku, nikafungua kule, kama mlevi anatafuta nyumba yake kwa plot ya wenyewe. Na nikiwa bado natafuta, blue.

Baba Nekesa akaingia. Akazima kwa ukuta, akainama, akatoa ile memori yangu na vidole viwili, akawasha. Kompyuta ikakaa ikiwaka. Tukangoja, tukangoja, ikakaa tu, mzima kabisa, na haina kitu. Akaniwekea ile memori kwa mkono. Ilikuwa bado na joto.

Mutheu hakulia sasa. Alitoka nje.

Nilibeba hiyo kompyuta hadi kwa jamaa mmoja msomi wa kurudisha vitu zilizofutwa. Akaniuliza nani alifanya hivi. Nikasema ni fundi fulani, simjui. Akasema huyo apewe jembe. Alipata kitu moja tu, sekunde chache: mtu anakohoa, halafu anasema, "Tayari." Imeisha hapo. Hiyo ndio nilimrudishia mama.

Siku ya ukumbusho Mama Mutheu akanialika. Nikadhani nimesamehewa, nikavaa suti! Kumbe pasta ananiita mbele, ananipea maiki. "Mama amesema wewe ndiye utaelezea kanisa kwa nini hatutasikia Baba Mutheu leo."

Kanisa ikanyamaza. Mama ananiangalia. Hana hasira, na hiyo ndio ilikuwa mbaya. Alikuwa amenipea nafasi. Maneno ilikuwa tatu tu: ni mimi niliharibu.

Na huu mdomo, huu mdomo mkubwa haujawahi kukosa hadithi, ukafunguka ukasema, "Wapendwa, ilikuwa stima."

"Amina," mama akasema. Peke yake.

Kisha spika ikakohoa, ikasema "Tayari," na Mutheu akaanza. Aliimba mistari yake tu. Penye babake angeimba alinyamaza, akihesabu na kidole kwa paja, halafu anaendelea. Wimbo wote hivyo. Baba Nekesa na besi yake yote hakuingia kujaza. Hakuna mtu alijaza.

Siku hizi nikipita hapo mama hunisalimia, "Sasa, fundi." Hivyo tu. Mutheu huvuka barabara.

Ndio nawaandikia nyinyi watu siwajui, kwa sababu wale nawajua nilishindwa kuwaambia. Ni woga. Mnicheke tu.

Wewe mwenye kompyuta, fundi akiongeza kitu na mashine ianze wazimu, mwambie atoe hicho kitu kwanza kabla hajagusa kingine. Akikucheka, beba mashine yako uende. Na sauti ya mtu wako usiiache mahali moja, aki, hata kwa simu ya jirani weka!

Na wewe fundi mwenzangu, najua uko hapo unasema huyu ni takataka. Ni kweli. Lakini siku watu watanyamaza wakungoje, sema ni wewe. Mimi nilisema stima, nimeshika maiki, na maiki inawaka.