Sikio la Mzee Kobelo

Kila alasiri, kabla ya kuketi kijiweni, Mzee Kobelo alipangusa kigoda chake kwa leso. Kwa miaka mingi, ubishi wowote kuhusu bendi ya Kinole Jazz ulikwisha pale aliposema yeye.

Kisha bendi ikawaacha wapuliza tarumbeta, ikanunua kinanda cha umeme kutoka Dubai. Kijiwe kikagawanyika.

"Bendi imekufa," alisema Mzee Kobelo. "Kinanda hakina pumzi. Sikio langu halidanganywi."

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Victor, fundi redio. "Hebu sikiliza kanda hii."

Tarumbeta ikalia. Mzee akafumba macho.

"Hapo sasa! Huyo ni mtu anapuliza. Hata anapovuta pumzi namsikia."

"Mzee, hii imerekodiwa mwezi uliopita. Hicho ni kinanda kitupu."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. "Sikio limestaafu!" Rashidi, mmoja wao, akapaza sauti.

Mzee Kobelo alimaliza kahawa yake taratibu, akamrudishia muuzaji kikombe.

"Kinanda kinapigwa vizuri," alisema.

Akawaaga wote, akashika njia ya kwake, Bigwa. Leso aliiacha juu ya kigoda, na hakurudi kuichukua.