Sikuzika Gauni la Zaituni

Asubuhi ile tulikuwa uani kwa mama yangu, nje ya Kitgum, tunapepeta ufuta. Nilikuwa nimetoka Kampala na binti yangu Zaituni, mwenye miaka kumi na mmoja, kumsaidia mama kuvuna. Mume wangu Rajabu alibaki kazini. Alikuwa polisi, na tuliishi chumba kimoja Kibuli. Zaituni alilalamika kwamba makapi yanamwingia kwenye nywele. Mama akamfunga kitambaa.

Waasi walitokea upande wa kisima. Jua lilikuwa limeshapanda.

Mmoja alimshika Zaituni mkono, taratibu, kama mtu anayemvusha mtoto barabara.

Nilimng'ang'ania. Nikapigwa kitako cha bunduki begani.

Zaituni hakulia walipomchukua. Aligeuka mara moja tu.

Bega hilo halinyanyuki sawasawa hadi leo.

Nilirudi Kampala kumweleza Rajabu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaenda msikitini, na aliporudi akasema kila mmoja wetu aombe kwa njia yake, lakini tuombe. Mimi ni Mkristo. Nilikuwa nafanya kazi ya kupakia sabuni kiwandani Bugolobi, na kila mchana, wenzangu wakila, nilitoka nje nikakaa juu ya makreti. Nilisema: Bwana, Zaituni. Mengine yalinishinda.

Mwaka wa kwanza wanawake wa kanisani waliomba pamoja nami. Kufika mwaka wa tatu waliniambia nifunge siku arobaini, nitafute dhambi iliyojificha. Nilifunga. Dhambi yenyewe niliitafuta mpaka nikachoka. Mchungaji akasema imani yangu ina ufa. Nilimjibu kwamba asiye na imani hawezi kugombana na Mungu kila siku, kisha nikaendelea kukaa kiti cha mbele kila Jumapili, anione.

Mwaka wa sita shemeji yangu mkubwa alikuja kutoka Arua na wazee wawili. Walitaka tumalize msiba: tulichukue gauni la mtoto, tulizike badala ya mwili, tumwombee. Rajabu alikuwa ameanza kuugua figo. Niliona ameinamisha kichwa.

"Mama Zaituni," shemeji akasema, kwa upole kabisa, "Mungu alishajibu. Ni wewe tu hutaki kusikia."

"Akijibu nitasikia mwenyewe, shemeji. Gauni halitoki hapa."

Nilikaa juu ya sanduku la nguo na sikuinuka hadi wageni walipomaliza chai na kuaga.

Rajabu alifariki mwaka uliofuata. Siku zake za mwisho hospitalini aliniuliza kama bado nakwenda kukaa kwenye makreti. Nikamwambia ndiyo.

"Basi nenda na ombi langu pia," akasema.

Miezi minane baada ya kumzika, nilipigiwa simu kutoka Gulu. Zaituni alikuwa ametoroka. Nilimkuta kwenye kituo cha waliorudi kutoka porini kwa waasi, binti wa miaka kumi na tisa, ana mtoto mgongoni. Alipiga magoti kunisalimu kama mgeni. Kisha akauliza baba yuko wapi.

Kanisani walitaka ushuhuda. Mchungaji alinipa kipaza sauti, akaniomba niwaambie watu kwamba Mungu hachelewi. Nikasema nilimngoja Mungu miaka minane, na ningemngoja minane mingine. Nikasema pia kwamba baba yake Zaituni alikosa miezi minane tu kumwona, na hilo sitaliimbia. Saa ya Mungu siijui, nikasema. Ninachokijua ni kungoja. Hakuna aliyepiga makofi. Nikarudi kukaa palepale mbele.

Sasa Zaituni anashona nguo Kyambogo. Kanisani haingii, msikitini haingii. Siku moja aliniambia hakuna aliyemtoa porini, alikimbia mwenyewe. Nilimwambia ni kweli, alikimbia. Miaka ile ni yake, na hakuna maombi yatakayoirudisha.

Siku ile walichukuliwa pia mabinti wawili wa majirani wa mama. Hawajarudi. Mama wa mmoja amekufa, wa mwingine amekubali kufanya matanga. Mimi bado nawaombea wote wawili kwa majina, na sijamwomba mtu ruhusa.