Mbona dada alikuwa anaongeza sauti ya tivii

Leo nimemliza dada yangu katikati ya Soko la Toi.

Tulikuwa tunatafutia watoto wake sweta. Kwa rundo moja nikaona kikaragosi cha kitambaa, macho ya vifungo, kama wale wa ile komedi ya familia tuliyokuwa tunaangalia kila Jumapili tukiishi chumba kimoja kule Kabiro.

Si nikaingiza mkono ndani! Nikaanza kuongea kama yule baba wa kipindi. Muuzaji akacheka. Wateja wakacheka.

Dada yangu Nafula hakucheka.

Nikamwambia, "Si uliipenda hadi unaongeza sauti, majirani wanalalamika!"

Akasema polepole, "Nilikuwa naongeza ndio usisikie Baba akimpiga Mama nyuma ya pazia."

Jamani.

Nilikuwa na miaka sita. Yeye kumi. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu vile hizo Jumapili zilikuwa tamu.

Nikarudisha kikaragosi, nikamshika mkono. Nyinyi mngesema nini?

Baadaye akaniuliza, "Lakini wewe ulikuwa unacheka kweli?"

Nikamwambia ndiyo, sana.

Akapangusa macho. "Basi haikuwa bure."