Saa Ambayo Baba Alinikataza Kuiuza

Yule mama aliyeniuzia saa hakunidanganya hata kidogo, na nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nilitapeliwa. Alikuwa amezipanga saa zake juu ya kitenge, upande wa Nakonde, hatua chache tu baada ya kuvuka mpaka wa Zambia. "Mudala, hii ni kopi," aliniambia, akiniita mzee kwa lugha ya kwao, "lakini kopi ya nguvu." Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, nzito, ya aina ile wanayovaa wakubwa kwenye runinga. Nilipoivaa nikajiona mtu mwingine.

Niliihitaji kikazi. Mimi ni dalali wa mizigo Tunduma, nawatafutia malori wafanyabiashara wanaopeleka bidhaa Zambia na Kongo. Sina ofisi, nina simu na maneno. Mteja hakuulizi una uzoefu gani, anakutazama kuanzia viatu hadi kichwani, kisha anaamua kama utakimbia na hela yake au hutakimbia. Tangu nivae ile saa nikaanza kuitwa bosi. Madalali wenzangu walinitania kwamba siku hizi hata nikiulizwa jina langu naangalia saa kwanza. Wote niliwaambia ni feki, tukacheka yakaisha. Tunduma nusu ya tunavyovaa ni feki, na hakuna anayekosa usingizi.

Ihanda, kijijini kwetu, ni mambo mengine. Huko ndiko alikokuwa baba, na kahawa yake, na dada yangu aliyekuwa akimtunza. Dada alinipigia simu kwamba chakula hakipiti tena kooni kwa mzee, hata uji anautema. Nikaondoka vilevile nilivyokuwa kazini, saa mkononi, wala sikuikumbuka.

Nilikuta hospitali ya wilaya wameshasema apelekwe Mbeya haraka, akapasuliwe kabla koo halijaziba kabisa. Ng'ombe alikuwa ameshauzwa kwa ajili ya vipimo. Kahawa ndiyo kwanza ilikuwa inatoa maua. Kilichobaki ni kipande cha shamba la bondeni, na jirani alikuwa tayari kukinunua wiki hiyo hiyo. Lakini shamba la ukoo haliuzwi mpaka wazee wakubali, kwa hiyo tukakaa kikao.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Muda wote hakunitazama usoni, alikuwa anautazama mkono wangu.

"Shamba tusiliguse," alisema. "Mwenzetu hapo mkononi amevaa ng'ombe wazima."

Nikamwambia saa ni feki. Nikaivua, nikampa aishike.

Aliipima uzito kiganjani. "Tangu lini mtu akavaa kitu feki akakisema mwenyewe?"

Wazee wakaguna kukubaliana naye, na kilichonikata maini ni kwamba niliwaelewa. Kwetu mwenye magunia ya mahindi ghalani, ndugu wakija kuomba, husema mwaka huu panya wamemaliza. Marehemu mama alikuwa akisema hivyo mlangoni kwa sauti ya huzuni kabisa, na nyuma yake magunia yamefika darini. Basi kadiri nilivyoapa, ndivyo saa yangu ilivyozidi kuwa ya dhahabu.

Kesho yake nilimchukua baba mdogo kwa bodaboda mpaka Vwawa, kwa fundi saa. Fundi aliifungua mgongo, akacheka, akasema kwa huruma yake angenipa hela ya sahani ya chipsi. Baba mdogo hakucheka. Tulipofika nyumbani alimwambia dada, mimi nikiwa nimesimama palepale, "Wamekonyezana hawa. Wanafahamiana."

Shamba halikuuzwa. Jirani alichoka kusubiri, akanunua la mtu mwingine. Nilipiga simu kwa kila mteja niliyemjua, kuomba mkopo, na wale wale walionisifia saa wakaniambia, bosi, wewe tena unakosa?

Jioni moja baba aliniita chumbani. Alikuwa ameyasikia yote, maana ukuta wetu ni wa tofali moja tu. Alinyoosha mkono, nikajua anaitaka saa. Nikamvalisha. Alikuwa amekonda kiasi kwamba iliteleza mpaka kwenye kiwiko, akabaki ameinua mkono ili isidondoke.

"Usiuze," alisema. Sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona. "Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha. Kitu kama hiki hakijawahi kuingia nyumba hii."

"Baba, ni feki. Haki ya Mungu, ni feki."

Alitabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu nifike. Akanibonyeza mkono taratibu, kama watu wenye siri moja.

"Hivyo hivyo," alisema. "Uendelee kuwaambia hivyo hivyo."

Tangu siku ile akawa anajibu kwamba Mbeya haendi, hata dada alipomlilia. Alidhani ananiokolea mali yangu. Nilirudia kumwambia ukweli kila siku, na kila siku alinipa lile tabasamu, mpaka nikaanza kuogopa kuingia chumbani kwake. Alikufa kahawa ikiwa bado ya kijani mtini. Msibani nilimsikia baba mdogo akiwaelekezea wageni, kwa kidevu, mahali nilipokuwa nimekaa.

Saa yenyewe imeshakufa. Rangi imebanduka pembeni na chuma cheusi kimetokeza, lakini ukiwa mbali huwezi kuona. Naivaa. Nikienda Ihanda, dada huitazama kwanza ndipo anisalimie. Nimewahi kufikiri niitupe kwenye mto wowote nikiwa njiani, nimalizane nayo. Lakini siku atakayouona mkono wangu mtupu, dada yangu ataamini nimeiuza, na kwamba kumbe ilikuwa inauzika.